Kioo cha pikipiki kimevunjika? Tengeneza mwenyewe nyumbani, ila usibandike kioo chochote tu

Leo tunaingia gereji kidogo.

Pikipiki ikianguka, hata kama ilikuwa imesimama tu kwenye stendi ya pembeni ikasukumwa na mbuzi, vitu vinavyofika chini mwanzo ni mshikio wa klachi au breki, indiketa, na kioo cha pembeni (saiti mira kwa lugha ya kijiweni). Mshikio unatengenezwa siku hiyohiyo kwa sababu bila klachi huendi popote. Kioo kinaambiwa kisubiri. Kinasubiri wiki, kinasubiri mwezi, mwisho mtu anachukua spana anafungua hata ule mkono uliobaki, na pikipiki inabaki kama ng'ombe aliyekatwa pembe.

Sasa fikiria hivi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila anayekupita anapita kulia kwako. Unataka kukata kulia kuingia mtaani, umewasha indiketa, umepunguza mwendo. Nyuma yako kuna Coaster imejaa, dereva anachoona ni pikipiki inayojivuta, anaamua akuovateki hapohapo. Nyinyi wawili mnaelekea sehemu moja kwa wakati mmoja, na una abiria nyuma. Kitu pekee kinachoweza kukuambia bila kugeuza shingo ni kile kioo cha kulia ulichokifungua mwezi uliopita.

Habari njema ni kwamba kioo ni moja ya vitu rahisi kutengeneza kwenye pikipiki. Habari mbaya ni kwamba wengi tukitengeneza tunaishia kubandika kipande chochote kinachong'aa. Kweli kinang'aa, na trafiki akikitupia jicho anaridhika, lakini ukikaa kwenye siti unaona nusu ya barabara tu. Ndiyo maana chini huko nimetumia muda mwingi kwenye suala la aina ya kioo kuliko suala la gundi.

ANGALIA KWANZA NINI KIMEVUNJIKA

Watu wanasema "kioo kimevunjika" kwa matatizo manne tofauti. Inawezekana kioo chenyewe kimepasuka. Inawezekana kioo ni kizima ila kichwa chake kimelegea, ukikiweka sawa kinainama chenyewe kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Inawezekana mkono wa chuma unazunguka kule chini unapoingia kwenye usukani. Au uzi wa kwenye tundu umekufa kabisa, mkono unaingia na kutoka bila kufungwa. Matatizo mawili ya katikati hayahitaji hela, yanahitaji spana na dakika kumi.

MKONO UNAOZUNGUKA

Vuta juu ule mpira mweusi unaofunika shina la mkono. Chini yake utakuta nati. Nati hiyo kazi yake ni kubana tu, yaani mkono unaingia kwanza kwenye tundu lake, halafu nati inashuka kuja kuukaza usizunguke. Pikipiki nyingi hizi za kwetu, Boxer na TVS za kutoka India, Honda na za Kichina, tundu lake ni la bolti ya milimita 10, chache ni za milimita 8. Spana jaribu namba 14 kwanza, ikikataa jaribu 17 au 13.

Legeza nati kwa kuzungusha kushoto. Zungusha mkono kulia uingie ndani vizuri, angalau mizunguko mitano ya uzi iwe imeshika. Halafu uweke unakotaka kioo kiangalie, ushike kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukaze nati. Kosa la wengi ni kukaza nati bila kushika mkono wa kioo, kwa hiyo vyote viwili vinazunguka pamoja, na unadhani umefunga kumbe umehamisha tu.

Wenye Yamaha mnisikilize hapa. Kwenye Yamaha nyingi kioo cha kulia kina uzi wa kinyume. Kukifungua unazungusha kulia, kukifunga unazungusha kushoto. Usipojua utakaa nusu saa unalaani kutu huku unakaza zaidi, na mwishowe unakata uzi. Na sio kwamba waliotengeneza walikuwa wanatukomoa. Kioo cha kulia kikigongwa kwa mbele kinasukumwa kurudi nyuma, na ukiangalia kutoka juu huko ni kuzunguka kwenda kulia. Kwa uzi wa kawaida kingezidi kujikaza mpaka kitu kivunjike. Kwa uzi wa kinyume kinalegea, kinazunguka, unakirudisha na safari inaendelea. Kioo cha kushoto hakihitaji ujanja huo kwa sababu kikisukumwa nyuma kinazunguka kushoto chenyewe.

Nati ikiwa imeshikwa na kutu usitumie nguvu ya hasira. Paka mafuta ya taa, iache usiku kucha, asubuhi gonga kidogo ubavuni halafu fungua. Ukimaliza weka grisi kidogo kwenye uzi, maana mvua ijayo kutu inarudi.

Kama uzi wa kwenye tundu umekufa, kufunga tepu nyeupe ya mabomba au kuchomeka waya ni kujidanganya, utakazika leo na kulegea Jumatatu. Lile tundu ni sehemu ya kishikio cha klachi upande wa kushoto, na upande wa kulia kwa pikipiki yenye breki ya diski mara nyingi ni sehemu ya ile pampu ndogo ya mafuta ya breki au kibanio chake. Ukipasua pale umejitafutia shida kubwa kuliko kioo. Mpelekee fundi mwenye vifaa vya kukata uzi, akukatie uzi mpya mkubwa kidogo na akupe bolti ya kupunguzia. Kazi hiyo nyumbani haifanyiki vizuri.

KICHWA KINACHOINAMA

Nyuma ya kioo kuna sehemu ya duara kama gololi inayokaa ndani ya kikombe chake. Ndiyo inayokuruhusu kugeuza kioo juu, chini na pembeni. Mtikisiko wa barabara unaila polepole mpaka inalegea.

Tazama vizuri mgongo wa kava, baadhi zina skrubu, nyingine skrubu imefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Kama ipo, kaza kidogo kidogo huku ukijaribu kukigeuza kwa mkono. Kinatakiwa kigeuke kwa kulazimishwa kidogo, kisigeuke kwa upepo.

Kama haina skrubu, kata kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli iliyokufa, kivalishe kwenye gololi, kisha kibanie kikombe chake juu. Mpira unajaza ile nafasi iliyolika. Mimi naipenda njia hii kuliko ya wale wanaomimina gundi ya mchanganyiko (ile ya mirija miwili) humo ndani. Gundi inashika kweli, ila kioo hakigeuki tena milele, na siku kikigongwa hakikunji, kinakwenda kuvunja kile kishikio nilichokisema hapo juu.

KIOO CHENYEWE KIMEPASUKA

Ufa mmoja unaopita katikati sio dharura. Bandika tepu safi juu yake, nenda nyumbani, endelea na mambo mengine. Ila ukiona kimepasuka kama utando wa buibui, kila kipande kinakupa picha yake na usiku taa za gari la nyuma zinakuwa taa kumi. Hicho kitoe.

Kabla hujagusa, bandika tepu uso mzima wa kioo ili vipande vitoke pamoja. Tandika gazeti. Vaa glavu, kama huna vaa soksi nene mikononi, na vaa miwani yoyote, hata ya jua. Chembe ya kioo kwenye jicho hapana mchezo, usichukulie poa.

Kama kava ni la plastiki na kioo kimebanwa na ukingo wa plastiki, lizamishe kwenye maji yaliyochemka na kupoa kidogo, dakika tano hivi. Plastiki inalainika. Tumia bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, anza kona ya chini, inua ukingo polepole mpaka kioo kitoke. Yale makava ya chuma ya mviringo ya pikipiki za zamani ni rahisi zaidi, kioo kinashikwa na mpira wa kuzunguka, unauvuta tu. Ukishatoa, kwangua gundi yote ya zamani na kausha vizuri. Na angalia chini ya kava kama kuna kitundu kidogo. Hicho ni cha kutolea maji, usikizibe.

Weka karatasi ya boksi ndani ya kava, bonyeza ukingoni mpaka ipate alama, kata kwa kufuata alama. Hicho ndicho kipimo chako. Kijaribu mara mbili tatu mpaka kikae bila kulazimisha, halafu kipunguze milimita moja kila upande. Kioo kilichobanwa sana bila nafasi kinapasuka chenyewe siku ya jua kali au kwenye matuta.

KIPANDE GANI UWEKE? HAPA NDIPO PENYEWE

Rahisi kupata ni kioo cha kabati au cha kujitazamia. Kila nyumba ina kipande kimekaa juu ya kabati kinasubiri kumkata mtu. Fundi wa madirisha ya aluminiamu atakikata kwa almasi dakika mbili. Kinakaa vizuri, kinang'aa kuliko hata cha mwanzo.

Tatizo ni kwamba kioo hicho ni bapa, na kioo cha pikipiki karibu zote hizi kimebinuka kwa nje. Mbinuko wake ni mdogo kiasi kwamba kwa macho huuoni. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 81, ambayo inahusu vioo vya pikipiki, inataka kioo kilichobinuka kiwe na nusu kipenyo kati ya milimita 1,000 na 1,500. Yaani chukua mpira mkubwa sana, kutoka katikati yake mpaka ganda ni mita 1 mpaka mita 1 na nusu. Kioo chako ni kipande kidogo cha ganda la mpira huo.

Waliosoma fizikia sekondari watakumbuka ile mada ya vioo vilivyopinda ambayo tuliikariri kwa ajili ya mtihani tukaisahau siku ya pili. Haya, leo imepata kazi. Chukua kioo chenye upana wa sentimita 10, jicho lako liko sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Kikiwa bapa, kwa umbali wa mita 20 nyuma yako kinakuonyesha upana wa kama mita 3 na nusu. Hiyo ni njia moja ya gari, basi. Kikiwa kimebinuka kwa nusu kipenyo cha mita 1.2, kwa umbali uleule kinakuonyesha karibu mita 7. Mara mbili. Ile Coaster iliyohama kuja kukuovateki imo ndani ya kioo kilichobinuka, na kwenye kioo bapa inaweza isiwepo kabisa. Utaona barabara nyeupe, utakata kulia kwa amani.

Ila kioo kilichobinuka nacho kina deni lake. Kinapunguza ukubwa wa vitu. Kwa vipimo hivyohivyo, lori lililo mita 20 nyuma yako linaonekana na ukubwa wa lori lililo mita 40 kwenye kioo bapa. Ukilitazama unasema bado liko mbali, ngoja niwahi. Haliko mbali. Kwa hiyo ukishazoea kioo kilichobinuka, kila unachokiona kihesabu kiko karibu kuliko kinavyoonekana, na kabla ya kukata geuza shingo mara moja kutazama begani, hata kama vioo vyako ni vipya vya dukani.

Sasa ukiweka bapa kulia na kushoto ukabaki na kilichobinuka, kichwa chako kinachanganywa. Gari moja linaonekana karibu kwenye kioo hiki na mbali kwenye kile, na wewe una nusu sekunde ya kuamua. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko kuwa na vioo viwili bapa ambavyo unajua udhaifu wake. Kama hali imebana na kioo bapa ndicho pekee ulichonacho, weka, ni bora kuliko mkono mtupu. Lakini kihesabu ni cha muda mpaka upate kinachofaa.

Kinachofaa utakipata wapi? Njia ya kwanza ni kununua kioo kipya kizima. Kwa pikipiki zilizojaa mjini vioo vya kuigiza ni bei ndogo na vinauzwa kila duka la vipuri, na kama mkono pia umepinda usipoteze muda, nunua. Kabla ya kulipa kibebe nje ya duka ukitazame, maana vingine ni vidogo vya urembo tu. Kanuni hiyohiyo ya 81 inasema kioo cha mviringo kisipungue kipenyo cha milimita 94, na eneo la kioo lisipungue sentimita za mraba 69. Beba rula, hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache.

Njia ya pili ni kioo cha gari kilichovunjika. Kioo cha pembeni cha gari dogo kikipasuka mara nyingi kinabaki na kipande kizima kinachotosha pikipiki, na vingi vimebinuka. Waulize mafundi wa bodi, wengi wanavitupa. Kukipima kama kimebinuka, weka ukingo wa rula katikati ya uso wake. Kikiwa bapa rula inalala yote. Kikiwa kimebinuka rula inacheza kama mizani, na kwa kipande cha sentimita 10 utaona nafasi ya kama milimita 1 kila mwisho. Nafasi ikiwa kubwa zaidi ya hapo, mbinuko umezidi na vitu vitaonekana vidogo mno. Vile vioo vidogo vya duara vinavyobandikwa juu ya kioo cha gari ndivyo vilivyo, vinaonyesha kila kitu na umbali wa kitu hauupati.

Tahadhari moja kwa wanaokwenda kununua vya mitumba kule Gerezani, Kariakoo, na sehemu kama hizo. Wenye magari wengi huchora namba ya usajili kwenye vioo vyao kwa sababu vinaibiwa. Ukiuziwa kipande chenye namba imechorwa, au sehemu imesuguliwa kama kuna kitu kimefutwa, kiache. Kukutwa na mali ya mtu kwa ajili ya kioo haina maana.

KUKATA

Kioo bapa ni rahisi. Kilichobinuka kinahitaji mkono wa fundi wa vioo, usijaribu kukata kwa msumeno wa chuma. Mpe kipimo chako cha boksi. Akiweka almasi anapita mara moja tu kwa mkandamizo ule ule, na tone la mafuta ya taa kwenye njia, halafu anagonga kwa chini taratibu mpaka ufa ufuate mstari. Akirudia mstari mara mbili ujue kipande kitakatika kombo.

Kingo zisugue kwa msasa wa maji huku zikiwa zimelowa. Usisugue kukavu, vumbi la kioo halifai kuingia kifuani.

Kabla ya kubandika fanya jaribio hili. Gusisha ncha ya penseli kwenye uso wa kioo. Kama kati ya ncha na picha yake kuna nafasi, rangi ya fedha iko nyuma ya kioo. Kama zinagusana kabisa, rangi iko mbele. Ya nyuma ukiikwaruza wakati wa kusafisha unapata madoa meusi yasiyotoka. Ya mbele usije ukaisugua kwa mchanga au steli wuli ya sufuria, itaondoka yote. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha kwa zote mbili.

GUNDI

Supagluu ndiyo kila mtu anaikimbilia. Inashika haraka, ila ikikauka ni kavu kama biskuti, na pikipiki ya silinda moja inatikisika asubuhi mpaka jioni. Siku moja unapita kwenye matuta, kioo kinaanguka na kusagwa na gari la nyuma. Tena mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na kioo.

Silikoni ni bora kwa sababu inabaki kama mpira. Lakini zipo za aina mbili. Ile inayonuka siki wakati inakauka inatoa asidi, na asidi hiyo inakula rangi ya fedha nyuma ya kioo. Baada ya muda unaona kingo zinaanza kuwa nyeusi, na wewe unadhani kioo kilikuwa kibovu. Dukani kwenye vifaa vya ujenzi ulizia silikoni isiyo na asidi, mara nyingi imeandikwa kwamba inafaa kwa vioo. Huna uhakika? Kamua kidogo kwenye karatasi unuse.

Weka madonge manne au matano kwa umbali, usijaze kava zima. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa, ukiijaza kote ya katikati inabaki mbichi siku nyingi. Bonyeza kioo taratibu, weka tepu ya kushikilia, lilaze kava kifudifudi juu ya kitambaa, na uliache saa 24. Najua unataka kwenda kijiweni. Acha tu. Tepu nene ya pande mbili, ile yenye sponji, nayo inafaa kama huna silikoni, ila uso wa plastiki uwe mkavu na usiwe na mafuta hata kidogo.

KUKIPANGA

Kupanga kioo pikipiki ikiwa juu ya stendi ya kati ni kazi bure, ukishuka pembe inabadilika. Kaa juu yake, miguu chini, usukani umenyooka, na kama huwa unabeba abiria mpakie mtu, maana uzito wa nyuma unashusha pikipiki na kioo kinaanza kutazama mawingu.

Mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na anga, uwe katikati ya kioo. Upande wa ndani uone kipande kidogo cha bega au kiwiko chako, kidogo tu, cha kukuonyesha kioo kinatazama wapi. Ukiona kifua kizima umejipangia kioo cha saluni. Na nyie mnaokigeuza kimtazame abiria wa kike, sitaki kesi, lakini hicho ni kioo kilichovunjika pia.

Halafu fanya jaribio la watu wawili. Mwenzako asimame mita 10 nyuma yako, upande wa kulia, kama gari linalokuja kukupita. Wewe tazama mbele na kwenye kioo tu. Yeye aje polepole akupite. Kuna sehemu atatoka kwenye kioo. Je, wakati huo umeshamwona kwa pembe ya jicho lako? Kama bado, mwambie asimame, achore alama chini kwa chaki kuanzia alipopotea mpaka utakapomwona. Huo mstari ndio unaoweza kumeza Coaster. Sogeza kioo nje kidogo, rudia, mpaka mstari uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Rudia na kushoto, maana bajaji na baiskeli hazisomi sheria.

Washa injini sasa, panda mwendo unaoutumia kila siku. Picha ikitetemeka mpaka huwezi kutofautisha gari na pikipiki, angalia nati kwanza. Ikiwa imekaza, weka washa ya mpira kwenye kitako cha mkono, au bandika kipande kizito kidogo ndani ya kava, mfano nati ya zamani iliyoshikwa na silikoni. Kuongeza uzito kunahamisha ule mwendo ambao mkono unatetemeka zaidi. Sio lazima picha itulie kabisa, ila taa mbili za gari zionekane ni mbili.

KUHUSU TRAFIKI

Mwaka 2021 faini za pikipiki na bajaji zilishushwa kutoka shilingi 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa. Wengine wakaona bora kulipa kuliko kuhangaika na kioo. Piga hesabu mwenyewe, kipande cha kioo kutoka kwa fundi wa bodi na silikoni ambayo mnaweza kuchangia watu watano kijiweni, kwa kuwa mrija mmoja unatengeneza vioo vingi.

Baada ya siku moja ya kazi kwenye barabara ya vumbi, rudi na spana ukaze nati tena, huwa inajilegeza kidogo mara ya kwanza. Vile vipande vya zamani usivitupe kwenye jalala la mtaa ambako watoto wanapita pekupeku. Vifunge kwenye lile gazeti ulilotandika, vizungushie tepu, viweke ndani ya kopo lenye kifuniko, ndipo umpe mtu wa taka, na umwambie kabisa ndani kuna nini.